Belo la Makoti

Baba alipopunguzwa kazi nilikuwa darasa la sita. Alikuwa karani wa ghala la mahindi, na wafanyabiashara binafsi walipoanza kuja na malori yao kununua moja kwa moja kwa wakulima wa Mpui na Milepa, ghala likafungwa. Miezi miwili alikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Kizwite, amevaa shati la kazini lililopigwa pasi.

Jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alikuwa mtani wa baba wa siku nyingi. Asubuhi moja akamwambia, "Mtani, siku hizi unalinda nyumba kushinda mbwa wangu."

Baba akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama alipokea maziwa bila kumtazama yule mzee.

"Shemeji, nimekosea," alisema, kofia mkononi. "Kidonda bado kibichi."

Tangu siku hiyo akawa anamsalimia baba kwa adabu kama mgeni.

Mwezi wa sita baba akazinduka ghafla. Alichukua kiinua mgongo chake, akapanda lori kwenda Mbeya, akarudi na belo la mitumba.

"Makoti!" alitangaza kabla hata ya kukaa. "Aliyeniuzia ameniapia, makoti matupu!"

Wakati ule wa mwaka upepo wa Ufipa unakata masikio. Makoti yangegombaniwa! Sisi watoto tuliruka kuzunguka lile belo tukipiga makofi, na mimi nilishajichagulia la kwangu, jekundu, ingawa hakuna aliyekuwa ameliona.

Baba akakata mikanda ya plastiki kwa kisu cha jikoni. Belo likavimba, likapasuka, likamwaga vilivyomo juu ya mkeka.

Sidiria.

Akachimba kwa mikono miwili mpaka chini kabisa. Sidiria nyeupe, nyeusi, za waridi, nyingine kubwa ajabu. Hata koti moja hakuna.

Mama akashika kichwa. Sisi wengine tukamgeukia jirani, aliyekuja kusaidia kubeba, maana utani wa mwaka ulikuwa umemwangukia miguuni. Mashavu yalimvimba, machozi yakamlenga, lakini hakutoa neno. Alikuwa anamtazama baba usoni.

Baba akaokota ile kubwa kuliko zote, akainyoosha juu, akaikagua mbele na nyuma kama alivyokuwa akikagua magunia.

"Hii," alisema taratibu, "inaingia debe la ulezi kila upande."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Jirani akaanguka kwenye mkeka akijipigapiga mapaja. "Mtani, ungechelewa kidogo ningekufa! Nilikuwa nakufa kwa kunyamaza!" Na baba, ambaye meno yake tulikuwa tumeyasahau, alicheka huku akijifuta macho kwa bidhaa yake.

Jumamosi tukaenda sokoni. Kabla ya kutandaza, baba alitukusanya. "Hapa anayetaniwa ni mimi peke yangu. Mwili wa mteja hautaniwi. Tumeelewana?"

Kisha akapanda juu ya kasha. "Karibuni mama zangu! Karani wa mahindi leo anauza asichokijua! Njooni mnifundishe!"

"Mzee, mambo vipi?" vijana wa soko wakamchokoza.

"Poa! Nimepandishwa cheo!"

Wanawake waliokuwa wakipita upande upande, vitenge midomoni, wakarudi. Baada ya muda mfupi walikuwa wameuzunguka mkeka wetu wakicheka na kupekua, nami nilikuwa nakimbia huku na huku kutafuta saizi, jasho likinitoka kwenye baridi ile.

Akaja mama mmoja wa Milepa, amejifunika shuka kifuani. Alipekua kwa muda, halafu akamnong'oneza mama yetu. Mama akampeleka nyuma ya kitenge tulichotundika kama pazia. Baba aliona, akashuka kwenye kasha. Mimi nilielewa walipotoka: yule mama alikuwa amekatwa titi moja hospitalini, na upande ule wa sidiria mama yetu alikuwa ameujaza kitambaa laini.

Alijitazama kifuani, akajigeuza kushoto na kulia. Kisha akapaza sauti: "Baba, nipunguzie nusu bei! Upande mmoja nanunua wa maonyesho tu!"

Hakuna aliyecheka. Hatukujua kama inaruhusiwa.

Akatutazama mmoja mmoja. "Chekeni basi! Mwaka mzima watu wananililia tu, nimechoka!"

Baba ndiye aliyetangulia. Akafuata mama, kisha wanawake wote pale mkekani, na mwenyewe akacheka kuliko sisi, kichwa nyuma, mikono kiunoni. Mama akamfungia mbili.

Biashara ile ndiyo iliyonisomesha. Miaka mingi baadaye makoti yalikuja kweli, na viatu, na mapazia. Lakini furaha ya Jumamosi ile sijaiona tena sokoni. Yule mama wa Milepa alirudi wiki iliyofuata, safari hii akiongozana na dada zake watatu, na sauti zao tulizisikia tangu kona ya wauza dagaa.