Lita Alizookoa Fundi Maswali

Saa mbili asubuhi. Gari la mwalimu mstaafu limeinuliwa kwa jeki upande wa nyuma, kulia, na fundi amelala chini yake juu ya kipande cha boksi. Ametia alama ya chaki kwenye tairi lililo hewani, na nyingine kwenye propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma kwenye difu, zile gia zinazozungusha magurudumu. Anazungusha tairi mara mbili, taratibu, midomo ikihesabu mizunguko ya propela.

“Nne na ushee,” anasema akitoka uvunguni. “Hii difu ni ya nguvu, mwalimu. Injini inazunguka mno kwa safari ndogo. Ndiyo maana inakunywa.”

“Basi niwekee ya mbio, tumalize.”

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nyumbani ni bondeni au mlimani? Mnapanda wangapi? Mvua ikinyesha mnapita njia gani? Kuna mgonjwa?

“Fundi, nimeleta gari, sijaleta posa!” mwalimu anamaka, na gereji nzima inaangua kicheko.

Fundi hacheki. Anafuta mikono kwa tambara, anangoja ajibiwe.

Kwa maswali hayo wamempa jina, Fundi Maswali. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimalizia chini ya magari. Kazi yake ni moja: kuoanisha injini na gia za magari ya zamani, yale yenye gia nne tu, ili mwenye gari asimalizie mshahara wake kituo cha mafuta.

Ukimsikiliza, unaona kumbe si jambo la miujiza. Injini kubwa ikiwekewa difu ya nguvu hupiga kelele bure barabarani na kumwaga mafuta. Injini ndogo ikiwekewa difu ya mbio hutulia kwenye tambarare, lakini ukiipakia mizigo mlimani ni sawa na kumtwisha mtoto gunia. Itajikongoja, itakunywa zaidi kuliko mwanzo, na mwisho itagoma.

“Watu wanadhani injini ndogo ndiyo kula kidogo,” anasema. “Wapi! Inategemea umeiozesha kwa nani.”

Zamani alikuwa akipokea magari kumi na moja kwa wiki. Siku hizi matatu, akibahatika manne. Wengine anawafukuza mwenyewe. Mwalimu wa leo, kwa mfano, anakaa juu kilimani na mkewe ana presha. Fundi anarudisha gari chini, anamsafishia kabureta, anampangia plagi, basi. Difu haiguswi.

“Utapata kilomita moja zaidi kwa lita, si nne,” anamwambia. “Lakini utafika.”

Mwalimu anaondoka akinung’unika. Vijana wa gereji ya jirani wanasema mzee ameishiwa. Hawajui, au wanajua na hawataki kusema.

Zamani hizo hakuitwa Maswali. Aliitwa Bwana Lita, na jina alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Gari lake mwenyewe, la injini ndogo, alilitolea difu yake akalitia ya mbio, ya gari la injini kubwa. Kutoka kilomita tisa kwa lita likafika kumi na tatu. Alitamba nalo mtaa mzima. Jirani yake alikuwa na pikapu kuukuu yenye injini kubwa, na kila ilipopita Bwana Lita alipaza sauti, “Mlevi huyo amerudi, mfungulieni baa!” Watu wakafa kwa kicheko. Jirani naye alicheka, ila si sana.

Miaka kumi na moja iliyopita, alasiri ya mvua, mkewe alibanwa na pumu. Dawa ya kuvuta ilikwisha na kifua hakikufunguka. Mto ulikuwa umefunika daraja la njia ya chini. Ilibaki njia ya juu, ile ya mlima. Ndani ya gari waliingia wanne: yeye, mkewe, dada wa mkewe, na binti yao wa pekee aliyekuwa na miaka kumi na sita.

Kwenye kona ya pili gari likazimika.

“Gia ya kwanza ilikuwa kama ya pili,” anasimulia. Anaongea akitazama viganja vyake. “Nikiachia klachi, linazima. Nikikanyaga mafuta, klachi inateleza. Nikasikia harufu yake inaungua. Binti yangu akashuka kusukuma, yeye na mama yake mdogo. Kwenye matope. Mama amekaa mbele, anatafuta pumzi, ananitazama.”

Walikaa pale dakika arobaini mpaka lilipopita lori la mchanga. Mkewe alifariki kabla hawajafika mlango wa hospitali.

“Daktari aliniambia labda angefariki hata kwa gari jingine. Labda. Ndugu yangu, neno hilo nimelala nalo miaka yote hii.”

Baada ya maziko, binti yake alimfuata uani akamuuliza swali moja tu. “Baba, tuliokoa lita ngapi?”

Baba akarudi ndani.

Binti huyo sasa ni fundi cherehani, anashona sare za shule na kuzisambaza kwa gari lake la zamani. Hupita barabara ya mbele ya gereji kila wiki. Baba humtambua kwa mlio kabla hajaonekana: difu ya nguvu, injini inalia kama inafukuzwa. Anajua dawa yake, kazi ya siku moja. Lakini gari hilo hutengenezwa kwingine. Sikukuu binti huja, huleta sukari na sabuni, husalimia kwa heshima, “Shikamoo baba,” na huondoka kabla chai haijapoa. Mganga hajigangi, wanasema wahenga, ila huyu hata mwanawe hapewi amtibu.

Sisi wa gazeti tulidhani simulizi imeishia hapo. Tukafunga daftari. Ndipo fundi akatuomba tukae kidogo.

“Kuna kitu sijamwambia mtu,” alisema. “Siku ile jirani alitoka na mwavuli. Akanipa funguo za pikapu mkononi. Akasema, chukua hii, ina nguvu. Nilizishika. Nikamrudishia. Nikamwambia langu linatosha.”

Kwa nini?

“Juzi yake nilimcheka mbele ya watu. Sasa nichukue funguo za Mlevi? Aibu, bwana! Aibu tu. Mke wangu anakata roho, mimi naona aibu.”

Alilia, mtu mzima, mbele ya wateja wawili waliojifanya wanatazama barabara. Jirani alihama mwaka uliofuata, na siri ile hakumwambia mtu. Huo ndio uungwana, anasema fundi, na yeye hakuwa nao.

Tulimuuliza kama tuandike. “Andikeni,” alisema. “Ila nipeni mpaka Jumapili. Binti yangu asije akaisoma gazetini, aisikie kwangu.”

Gazeti lilisubiri.

Jumatatu asubuhi tulimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, spana hajashika. Alikwenda, alituambia. Alimkuta binti yake anakata kola za mashati, akamweleza yote: funguo, kicheko, aibu. Binti hakuinua kichwa mpaka baba alipomaliza.

“Kisha akaniambia, ‘Baba, nilikuona. Nilikuwa dirishani nimemshika mama. Nilikuona unazirudisha.’ Nikamuuliza, mwanangu, mbona hukusema? Akasema, ‘Nilikuwa nangoja useme wewe.’”

Binti hakusema kama amemsamehe. Alimwambia tu arudi Jumapili ijayo, mchana, watakula pamoja.

“Nitakwenda,” anasema Fundi Maswali, akiinuka kuitafuta jeki. “Na Jumapili nyingine, na nyingine tena, maadamu mlango uko wazi. Gari lake sitaligusia hata kwa neno. Nataka nikae tu, chai ipoe, mpaka aniulize tena lile swali. Safari hii nitamjibu: hatukuokoa hata lita moja, mwanangu. Gari lile halikutufikisha hata hospitali.”