Mama na safari ya nyangumi

Leo neno moja la mama limegeuza safari yetu.

Miye na bwana yangu tulikuwa tunamuelezea njia kwa telefone. Tutoke Rumonge, tupite Kabonga, tuvuke Tanzania yote mpaka baharini, kwenye nyangumi.

"Muniletee kipande cha kukausha," akasema.

"Hapana mama, hatuendi kununua. Tunaenda kumuangalia tu, halafu tunarudi."



"Kumuangalia tu?"

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri. Miye niko hapa Gatete, karibu na nyinyi. Tangu Idi hakuna mutu alikuja kuniangalia."

Bwana yangu akachora njia upya kwenye ramani. Sasa inaanzia Gatete. Nyangumi angoje.

Na nyinyi munaotaka kuniandikia "safari njema" hapa chini, mama zenu muliwaangalia lini?