Yesu, Yezu na Kaburi la Mume Wangu

Watu wa umoja ndio walionipotezea kaburi la mume wangu. Majina yao nayaacha, maana watoto wao wangali hai na hawana kosa, lakini vyeo vyao nitavitaja: katekista wa Wakatoliki na mwinjilisti wa Walutheri, katika shamba la mkonge barabara ya Tanga kwenda Pangani, miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala.

Mimi nilibatizwa Mkatoliki kwetu Songea. Marehemu alikuwa Mpare, Mlutheri. Kambini ndoa kama yetu zilikuwapo nyingi, na nyumba ya sala ilikuwa moja tu, ghala la zamani, basi wazee wale wakaunda Kamati ya Umoja wa Waumini. Kamati yenyewe ni wao wawili. Kazi yake kutazama wagonjwa, kuzika, na kusimamisha misalaba. Tukapiga vigelegele.

Mume wangu akafa kwa homa, akawa wa kwanza kuzikwa na umoja. Walimzika vizuri, siwasingizii. Kwenye Baba Yetu, Wakatoliki tuliishia maovuni, Walutheri wakaendelea na ufalme na nguvu na utukufu, nasi tukawangoja kama unavyomngoja mwenzio afunge kiatu.

Ukaja msalaba. Nyapara mkuu alikuwa ametangaza kuwa pale makaburini utapandwa mkonge mpya. Kaburi lenye msalaba trekta italizunguka, lisilo nao ni pori. Nikaenda kwa kamati, shikamoo zangu mbili, wakakubali siku ile ile. Mwinjilisti akasema maandishi yawe "Amelala katika Yesu Kristo."

"Yezu Kristu," akasema katekista.

"Kiswahili gani hicho, mzee mwenzangu?"

"Cha Kanisa."

"Na changu cha nyani?"

Fundi seremala, Mdigo, Mwislamu, alikuwa amekaa na patasi yake anangoja. "Sisi twamwita Isa," akasema. "Herufi tatu tu. Nichonge hilo niende zangu?"

Hawakucheka.

Wiki ikapita, na ya pili. Nikawaomba wasimamishe mti mtupu. Hapo walipatana upesi: msalaba usio na Jina ni vijiti viwili. Nikapanga mawe matatu kichwani pa kaburi. Ningeweza kufunga hivyo vijiti viwili mwenyewe, nani angenikamata? Lakini mimi nilikomea darasa la pili na wao ni watu wa vitabu, nikatii. Mkosaji wa tatu ni mimi.

Mwishowe mwinjilisti akaja na hekima: upande mmoja Yesu Kristo, upande wa pili Yezu Kristu. Fundi akachonga siku mbili, kazi safi. Nikalia kwa furaha, mjinga mimi. Ndipo katekista akauliza, upande upi utazame barabarani?

Siku nne nyingine. Tena hawakugombana, la. Waliitana ndugu, wakafungua kikao kwa sala, wakafunga kwa sala. Siku ya tano wakaafikiana msalaba ukae ubavu, ili apitaye barabarani asisome upande wowote. Nyapara mkuu angeweza kuwaambia kuwa trekta imeshatoka, alipita mlangoni akawaona. Alisema baadaye kwamba hakutaka kuwakatiza watu wanaosali.

Tulipofika na msalaba begani mwa fundi, udongo ulikuwa mwekundu, umelimwa mpaka ukingoni. Mawe yangu yalikuwa yametupwa pembeni pamoja na mawe mengine, sikuyajua yapi yangu. Wazee wakavua kofia. Nikatembea huku na huku nikitafuta hata bonde dogo, hata unyasi.

"Yuko wapi?" nikawauliza.

"Yuko kwa Bwana," wakajibu wote wawili, kwa mara moja, kwa sauti moja.

Fundi akautua msalaba chini, akauegemea. "Bwana," akasema. "Na hilo mwaliandikaje?"

Wakatazamana. Katekista akalitaja herufi kwa herufi. Mwinjilisti akaitikia kwa kichwa kila herufi mpaka mwisho.

"Sasa si mngeniambia nichonge hilo, wazee wangu?"

Akanigeukia mimi. "Dada, nichimbe wapi?"

Nikamwambia achimbe hapo hapo aliposimama.