Nilimwita Shemeji Mwizi kwa Sababu ya Herufi za Kibati

Admin, ficha jina langu na mtaa ninaokaa sasa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, nimeoa, watoto wangu wote wanajitegemea. Nimezoea kusoma visa vya watu hapa na kuwacheka. Leo ni zamu yangu. Mkinicheka sawa, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu nina mpaka Jumamosi tu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunakaa Kileleshwa, mimi nikiwa karani town. Nilikuwa na saloon nyeupe ya Kijapani, gari yangu ya kwanza, na niliipenda kupita kiasi. Siku niliyoinunua nilifungua boneti nikaona kibati, laini ya juu imeandikwa KN52-BEKRS. Nikanakili kwa kidaftari changu, nikajiambia hiyo ndiyo namba ya gari, hata wezi wakibadilisha namba pleti nitaitambua. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijiamulia tu, maana nilikuwa mjuaji.

Basi ikaibwa. River Road, mchana kweupe. Nimeingia kuchukua kadi za harusi kwa mchapishaji, natoka napata nafasi tupu na tone la oili chini. Logbook, yenye namba zote za gari, ilikuwa ndani yake. Msinitukane, nimejitukana vya kutosha.

Sasa, mdogo wa mke wangu alikuwa mekanika, na gereji yake ndogo haikuwa mbali na hapo. Kama miezi sita baadaye, Jumapili, akaja kwetu na saloon ya bluu, aina ile ile. Akasema aliinunua ikiwa imegongwa, akainyoosha mwenyewe pole pole. Alikuwa amemleta mama yake, mama mkwe wangu, aone kazi ya mikono ya mwanawe. Tukala, watu wakaisifu gari. Mimi nikaomba kuona injini. Nafungua boneti, kibati hicho hapo: KN52-BEKRS. Nikaenda kuleta kidaftari.

"Shemeji, hii ni gari yangu," nikamwambia. "Umeipiga rangi tu."

Akadhani namtania. "Ati yako? Gari za hii aina ni nyingi hapa Nairobi."

"Na namba je? Namba pia ni nyingi?"

Akainama akaangalia. "Hiyo si ya gari moja. Ngoja nikuonyeshe..."

Sikungoja. Hilo ndilo linaniuma hadi leo. Mtu mwenye kazi yake alitaka kunionyesha, nami nikaifunga ile boneti kwa nguvu, kidogo nimkate vidole. Nikamwita mwizi mbele ya mama yake, kisha nikapiga simu kituoni.

Alikaa ndani siku tisa. Alipoachiliwa niliambiwa tu kwamba ushahidi hautoshi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Ndugu yako amehonga." Akaniamini. Akatuma mtu amwambie asikanyage kwetu tena.

Miezi michache baadaye nikanunua gari nyingine ya aina ile ile, ya kijani, kutoka kwa mama mmoja wa Karen aliyekuwa nayo tangu ikiwa mpya. Nafungua boneti: KN52-BEKRS. Nikaiendesha moja kwa moja hadi kwa mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na duka la spea River Road. Akatoka nje na miwani yake, akaangalia kidogo tu.

"Hii ni model, bwana," akasema. "Hii herufi ni injini, hii gia, hii bodi. Gari elfu ziko na hii. Chassis namba ni hii laini ya chini, na tena imepigwa kwa chuma hapa nyuma ya injini. Hiyo ndiyo ya gari moja peke yake." Akapangusa mikono. "Ulikuwa unataka oil filter?"

Nikanunua oil filter, nikaenda nyumbani.

Ningemwambia mke wangu jioni ile, yangeisha. Niliona aibu. Nikasema nitamwambia mwisho wa wiki, na mpaka leo imepita miaka zaidi ya thelathini. Shemeji alikosa wateja, kwani nani atamwachia gari mtu aliyeshikwa kwa wizi wa magari? Akafunga gereji akahama Nairobi. Mama mkwe alipozikwa, mtu na dada yake walisimama pande mbili za kaburi hawasalimiani. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli.

Na si kwamba sikujaribu. Mwaka juzi nilianza, "Mama watoto, unajua ile gari..." Akanikata: "Usiniharibie siku na habari za huyo mwizi." Nilikasirika sana, halafu nikakumbuka hilo neno alilitoa kwangu.

Wiki iliyopita shemeji alimpigia simu. Anasema umri umeenda, anataka kumwona dada yake. Simu ilikuwa kwa spika, mimi nimekaa pale pale. Mke wangu akamjibu kwamba lazima kwanza aniombe msamaha.

"Mimi sikuiba," shemeji akasema. "Lakini kama hiyo ndiyo itafungua mlango, nitaomba."

Wakapanga aje Jumamosi hii, watoto wetu wakiwepo, na tangu siku hiyo mke wangu anaimba jikoni. Nikisema ukweli, atajua alimtupa ndugu yake kwa ajili ya mjinga asiyejua kusoma kibati, na kwamba mjinga huyo alikuja kujua akanyamaza. Sijui kama tutakaa nyumba moja baada ya hapo. Nisiposema, Jumamosi huyo mzee mwenzangu atasimama sebuleni kwangu, watoto wangu wakitazama, aniambie mimi "nisamehe."

Nishaurini, tafadhali. Akishasema hivyo, mimi nimjibu nini?