Bei Waliyomwambia Profesa

Stooni kwangu wanamwita Profesa. Walioanza ni wabeba mizigo, mwaka ule alioingia chuo kikuu, na walianza kwa kejeli, kwa sababu alikuwa akifika mchana na begi la vitabu mgongoni, anavua viatu vyake vya maana, anavaa ndala, kisha anaanza kutenganisha viatu vya mitumba: vizima huku, vilivyochoka kule. Jina likamganda.

Ni binti wa kaka yangu. Mimi nauza viatu vya mitumba kwa jumla, na karibu wauzaji wote wa rejareja wa soko letu wanachukua belo kwangu, yaani marobota ya viatu. Kaka yangu ni dereva wa lori. Mzigo wa kumsomesha tuligawana kama watu wanaojuana: yeye ada, mimi chumba na chakula, na binti anakilipia chakula kwa mikono yake. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma, na mambo yakaenda.

Uchumi hakuuchagua. Aliomba famasia, alama zikapelea kidogo, mtandao wa chuo ukamtupa palipokuwa na nafasi. Baba yake alifurahi kuliko yeye, akidhani uchumi ni kozi ya kutajirika. Tangu hapo simu za ukoo zikamwandama. Mmoja anauliza anunue kiwanja sasa au asubiri, mwingine anataka kujua sukari itashuka lini, na baba mdogo mmoja alimuuliza kwa uchungu kabisa kwa nini serikali isichapishe hela za kutosha watu wote, kisha yaishe. Mwanzoni alikuwa akiwaeleza. Baadaye akawa anajibu, "Tunaliangalia hilo, baba mdogo," na kuilaza simu kifudifudi.

Nilimwona akichoka kama soli inavyolika, upande mmoja kwanza. Mwaka wa kwanza hesabu zilimtoa jasho. Alisema ukumbi unajaa hadi kwenye ngazi, mhadhiri anasoma yale yale yanayoonekana ukutani, wa nyuma wanapiga picha ili wakasome nyumbani, na nyumbani hawasomi. Mwaka wa pili ikawa mistari. Alinichorea juu ya kipande cha boksi: mstari wa wanunuzi unashuka, wa wauzaji unapanda, inapokutana ndipo bei ilipo. Nikamwambia mchoro mzuri, ila simwoni mteja anayejifanya anaondoka ili aitwe.

Akacheka kidogo. "Huyo wanasema tuchukulie hayupo, shangazi."

Mwaka wa tatu aliacha kunichorea. Alikuwa anarudi, anakula amesimama, anatenganisha viatu, na ukimuuliza chuo vipi anasema chuo kipo.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima afanye utafiti, na msimamizi wake autie saini. Bila saini huhitimu. Msimamizi aliyepewa Profesa alikuwa mama mmoja makini ambaye muhula ukiisha alikuwa anasafiri kwa kazi ya muda mrefu. Profesa alinipa habari hiyo akiwa anafunga kamba za raba: akikosa saini kabla mama yule hajaondoka, atabaki nyuma mwaka mwingine, na nguvu ya mwaka mwingine hana. "Nikibaki sirudi tena chuo. Nitakaa hapa hapa nitenganishe viatu." Alisema bila hasira, kama mtu anayeagiza chai.

Mada yake ilikuwa jinsi wauzaji wa rejareja wa viatu vya mitumba wanavyopanga bei, na faida inayowabakia. Nikaona hilo jepesi. Wote ni wateja wangu. Nikampitisha mwenyewe kibanda kwa kibanda: huyu mwanangu, anasoma, mjibuni vizuri. Wakamvutia viti, wakamjibu hadi yasiyoulizwa. Alirudi kalamu imemwishia wino, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia akiimba bafuni.

Msimamizi alimrudishia kazi yote. Kwa majibu yale, soko zima lilikuwa linauza kwa hasara, kila kibanda, tangu mwaka juzi. Yule mama alimuuliza kwa upole, na upole ndio uliomuumiza, sasa hao watu wanakula nini. Profesa akakusanya makaratasi yake. Akaja stoo, akajificha nyuma ya mabelo, akawa anakitafutia kila kiatu cha mtoto mwenzake wa jozi.

Alikuwa huko huko alipoingia Mama Soli, muuza viatu vya shule, mteja wangu wa siku nyingi na mdomo wake haujawahi kupumzika. Alitaka belo, na alitaka nipunguze. Nikamwambia bei ni ile ile.

"Ile ile ndiyo inayotumaliza, tajiri. Si umemtuma Profesa na makaratasi aje atuulize? Tumesema, ameandika. Au mwanao humsikilizi?"

"Nani amekwambia nimemtuma?"

"Kwani ulimleta ukamshika mkono kwa ajili gani? Sisi tulikaa tukakubaliana: tajiri ameamua kutusikia, basi ajue hali ni ngumu." Akashusha sauti. "Ngumu ilivyo, na chumvi kidogo juu."

"Chumvi kidogo! Na hasara yote hiyo umepaka kucha rangi."

"Rangi ya kujifariji, tajiri."

Tulivutana. Akafika mlangoni, nikamwita, nikapunguza kiasi ambacho nilishakipanga tangu asubuhi, naye akatoka akilalamika kama inavyotakiwa. Profesa akainuka nyuma ya mabelo, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

"Walikuwa wanaongea na wewe," akasema. "Mimi nilikuwa simu tu."

Nikampa ushauri ambao hata leo naona ulikuwa wa maana. Ashike kalamu, kila hasara aigeuze faida ndogo, faida ya kuaminika, apeleke asainiwe. Nani atakuja kuuliza? Akatikisa kichwa. Sikuona utakatifu wowote usoni pake, niliona usingizi.

"Uongo nao unataka nguvu, shangazi. Itabidi niukumbuke mbele ya jopo la wahadhiri." Halafu akaniomba jambo jingine. "Nipe wewe bei zako za kweli. Unanunua kwa ngapi, unamuachia nani kwa ngapi. Nikianzia hapo, za kwao nitazikadiria. Nitawahi."

Nikamwambia hapana. Bei ninayonunulia haijui hata baba yake. Ikiandikwa itasomwa, ikisomwa itafika sokoni, na siku hiyo hakuna Mama Soli atakayehangaika kufika mlangoni. Stoo hii ndiyo inayomlisha yeye na vitabu vyake. Hakubishana. Alisema sawa, akanawa mikono, akaondoka.

Kesho yake alikwenda soko la upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenijua. Huko walimdhania mtu wa kodi, wakamwambia hawauzi kitu kabisa, wamekaa tu wanapunga upepo. Akayarudisha makaratasi kwenye begi. Akamwomba mama mmoja muuza viatu vya kike amruhusu amsaidie kufuta vumbi na kupiga rangi, akawa anakaa pale baada ya masomo na kutazama mnunuzi anaondoka na kiatu kwa bei gani hasa. Akishaaminika kibanda kimoja anahamia cha jirani. Kazi ya namna hiyo haikimbizwi. Msimamizi akasafiri huku Profesa angali anafuta vumbi.

Wenzake walihitimu. Tuliziona picha zao kwenye simu, majoho na maua, yeye akazipitisha kwa kidole moja baada ya nyingine. Nikamkumbusha aliyosema, kwamba hatarudi chuo. Mahali stooni palikuwepo, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria mshahara wa kumpa.

"Nikiacha nitapigiwa simu na ukoo mzima waniulize kwa nini," akasema. "Bora niende."

Akaenda mwaka mwingine, na mwaka huo ulikuwa mrefu. Msimamizi mpya, kijana mwenye haraka, alimbadilishia kichwa cha kazi, akamkatia sura moja, akamrudisha sokoni tena, mwishoni akasaini akiwa anaongea na simu. Alama alizopata ni za katikati, hazikumpandisha popote wala kumwangusha.

Alikuja na habari hizo mchana, jua kali, wateja wamejaa. Nikamuuliza sasa amemaliza kweli au kuna kingine. Akasema amemaliza. Akavua viatu, hakuvaa ndala; akajilaza juu ya belo la raba lililokuwa karibu na ukuta, akalala papo hapo.

Punde akaja mteja mgeni, ana hela taslimu mkononi, akayatazama mabelo yote na kuelekeza kidole kwenye lile lile. Akataja bei nzuri kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia hilo limeshauzwa, achague jingine.