Waya wa Buluu

Fundi wa mtandao wa jengo letu hapa mjini Iași ana mikono minene, lakini akibana waya vidole havitetemeki. Kila waya anaubandika namba ya nyumba, kisha anauvuta mara mbili. Mmoja tu, wa buluu, hajaubandika namba. Nikajua huyu anatuibia mtandao, nikaapa kumfukuzisha kwenye mkutano wa wapangaji. Alhamisi kabati la nyaya la ngazini lilikuwa wazi, nikauchomoa ule wa buluu mbele yake.

"We mwizi, huu unakwenda kwa nani?"

Kutoka ghorofa ya tatu mama yangu akapiga kelele, "Fundi! Umenikata, naongea na dada yangu aliyeko Torino!"

Fundi akauchomeka, akauvuta mara mbili. "Mwambie mama yako nakuja kunywa kahawa," akasema. "Sukari yangu anaijua."