Siku Baba Alipotaja Bei ya Memsabu

Enzi zetu, nyinyi wenzangu mliokuwa darasa la kwanza bendera ilipobadilishwa, trekta haikuwa kitu cha kupita barabarani mtoto akabaki ameketi. Tukiisikia ikikohoa nyuma ya kilima, waliokuwa wakipika ugali wa matope waliacha sufuria zao za makopo, aliyekuwa akichunga aliacha ng'ombe waingie kwa mahindi ya watu, na wote tukakimbia. Fimbo za jioni tulizipokea kimya, maana trekta tulikuwa tumeiona. Wajukuu wangu leo wakionyeshwa mashine ya kuvuna yenye ukubwa wa nyumba wanapiga miayo na kuuliza kama hapa kuna chaji.

Nilikulia Likuyani, kwenye mashamba waliyoacha wazungu. Wazazi wangu walitoka Musanda, wakagawiwa shamba na serikali mpya, wakaja na kuku saba, kitanda kimoja na sisi watoto wawili, kaka yangu Timona na mimi, Rasoa. Shule yetu ilikuwa zizi la farasi la yule mzungu aliyehama. Harufu ya farasi haikutoka hadi nikafika darasa la nne, na mpaka leo nikisikia mtu akitaja hesabu za kugawanya, pua yangu inakumbuka. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata vidole, na tulikwenda miguu mitupu, mifukoni tumejaza nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ili yatupashe mapaja joto kabla hatujayala.

Jirani yetu wa kwanza alikuwa Mzee Lusweti. Yeye na baba walikuwa vibarua pamoja hapohapo wakati wa mzungu, kabla baba hajatuleta sisi kutoka Musanda, baba akiendesha trekta na Lusweti akipima maziwa. Mzungu alipouza vitu vyake ili aondoke, hao wawili walichanga nusu kwa nusu wakanunua trekta yake kuukuu. Trekta hiyo sisi watoto tuliiita Memsabu, kama bibi wa kizungu, kwa sababu ya madaha yake. Asubuhi ya baridi hakuwaka hata umbembeleze vipi, mpaka baba amimine birika zima la maji moto kwenye rejeta, halafu angoje kidogo, halafu ampige kofi ubavuni. "Memsabu hanyanyukangi kabla ya chai," baba alisema, na kweli baada ya hapo alinyanyuka, akatoa moshi mweusi, na kuku wote wakapotelea migombani.

Binti ya Lusweti aliitwa Agneta, na ndiye alikuwa rafiki yangu. Sikuwa na dada, naye alikuwa na kaka watano, kwa hiyo tulishikana. Tulilala kwao, tulilala kwetu, tulivaa gauni moja kwa zamu tukienda kanisani. Nyumba zetu mbili zilikuwa kama nyumba moja yenye jiko huku na jiko kule.

Kilichoharibu mambo ni mvua. Trekta ni moja, mashamba mawili, na mvua ya kupanda haingojei mtu. Mwaka mmoja ilianza mapema Memsabu akiwa kwa Lusweti, na mahindi yetu yakapandwa nyuma, yakatoka manjano kama mtoto wa malaria. Mwaka uliofuata baba alimkalia Memsabu siku nne zaidi, akisema anakaza nati. Lusweti aliona nati zinazokazwa siku nne, na hapo ndipo salamu zilipoanza kupungua. Ikaamuliwa kwamba mmoja abaki na trekta na mwingine alipwe nusu yake. Shida ikawa bei.

Hapo wazee wangu walinichekesha, ingawa wakati huo sikuthubutu kucheka. Lusweti akijiona mnunuzi alisema Memsabu ni chuma cha kutengenezea majembe, matairi yamekwisha, oili inavuja, hata bure ni ghali. Baba akimwambia basi niuzie mimi kwa bei hiyo, Lusweti alikohoa akasema, ngoja kwanza, injini bado iko sawa, wazungu hawakutengeneza kitu cha mchezo. Na baba alikuwa vilevile. Jumatatu trekta mpya, Jumanne skrepa. Waliita fundi kutoka Malava, akaja na baiskeli, akaweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni kama daktari, akataja bei. Lusweti akasema fundi amelishwa kuku kwetu. Baba akasema amelishwa kwao. Ukweli ni kwamba alikula kwetu na kwao, na bei yake ikakataliwa na wote wawili.

Basi salamu zikafa kabisa. Jioni moja baba aliniambia bila kunitazama, "Kwa Lusweti usiende tena." Agneta naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo. Tulikutana kisimani tu, tukijaza mitungi polepole ili isijae. Siku moja alinieleza kwamba baba yake anasema wakishindwana watauza shamba wahamie kwa wajomba zake. Nilirudi nyumbani na mtungi nusu, nikalia nyuma ya ghala mpaka Mama akanikuta. Nikamwambia yote. Hakunipoza wala hakunikemea. Aliniambia nikapepete mahindi.

Sasa lazima niwaeleze habari ya muwa. Likuyani hakukuwa na miwa ya maana, lakini nyanya yangu wa Musanda alipotutembelea alileta michache, mirefu, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Muwa mmoja, watoto wawili, hapo vita. Mama alituwekea sheria: anayekata anachagua wa mwisho. Nyinyi mnaofikiri ni rahisi, hamjawahi kukata muwa. Ukikata katikati umeumia, maana upande wa shina ndio mtamu na wa kileleni ni maji tu. Lazima ukubali kilele kiwe kirefu na shina liwe fupi, na ufupi wake uujue mwenyewe. Timona alikuwa akipima kwa uzi, akihesabu pingili, akilamba huku na huku, ulimi nje, jasho kwenye pua. Hakuna mtu mwenye haki kuliko mtoto mlafi aliyeshika panga akijua atachagua wa mwisho.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mama alimwita Lusweti na mkewe. Alikuwa amechinja jogoo. Kwetu huwezi kukataa ingokho, yaani kuku, ukiitiwa, hata kama mwenye nyumba humsemeshi, kwa hiyo Lusweti alikuja. Walikula obusuma, ugali wetu, kila mmoja akitazama bakuli. Walipomaliza kunawa, Mama alimwita Agneta mbele ya wote, akampa panga na muwa, akaniita na mimi.

"Agneta, kata. Rasoa atachagua."

Mbele ya wazazi tulikuwa hatujakaribiana mwezi mzima. Agneta alipiga magoti, akageuza ule muwa, akahesabu, akasogeza panga pingili moja, akairudisha, akakata. Nikatazama vipande viwili. Nikashika kimoja, nikakiacha, nikashika kingine. Kwa kweli sikujua nichukue kipi.

"Mmeona?" Mama akasema. "Hajui achague kipi. Hiyo ndiyo bei. Mmoja wenu ataje bei ya nusu ya trekta, mwingine achague: kwa bei hiyohiyo anauza nusu yake, au kwa bei hiyohiyo ananunua nusu ya mwenzake. Watoto wanawezanga hii, na nyinyi wenye ndevu mnatunyima usingizi."

Mke wa Lusweti alicheka kwanza, akaziba mdomo kwa leso. Lusweti alijikuna shingo, akasema, "Baba Timona ndiye anamjua Memsabu. Yeye akate. Mimi nitachagua." Wakapatana siku nne.

Siku hizo nne sijazisahau. Baba aliyekuwa akisifu leo na kuponda kesho alianza kumwangalia Memsabu kana kwamba hajawahi kumwona. Alimwosha, mimi nikimletea ndoo. Alilala chini yake mchana kutwa, nikisikia sauti yake tu: gia ya tatu inaruka, lakini pampu ni mpya, tairi la kushoto halimalizi msimu, lakini ekari moja anaikula kwa dizeli kidogo kuliko trekta yoyote ninayoijua. Kila ubovu aliufuata na uzuri, na kila uzuri aliufuata na ubovu. Alikuwa akihesabu kwa magunia ya mahindi, kama walivyohesabu wakulima wote wa huko.

Na hapo ndipo palikuwa na mtego, ambao mimi nilikuja kuuelewa Mama alipousema tukiwa jikoni. Ghalani kulikuwa na magunia thelathini na kidogo, ndiyo chakula, karo na mbegu. Baba akitaja bei kubwa na Lusweti aseme anauza, tungemaliza ghala na kumtoa Namaua, ng'ombe wetu wa maziwa. Akitaja bei ndogo ili aimudu, Lusweti angenunua papo hapo, na baba angempoteza Memsabu kwa bei ya kuku. Baba alisikiliza akinywa chai.

"Bei nitakayotaja," akasema, "nikiambiwa nitoe, nitoe. Nikiambiwa nipokee, nipokee. Kwa zote mbili nilale."

Siku ya nne alivaa koti lake la kanisani. Alisimama karibu na Memsabu, mkono juu ya boneti, akasema, "Nusu yake ni magunia arobaini."

Lusweti alizunguka trekta mara mbili. Aliangalia tairi la kushoto. Mama alikuwa amemshika Namaua kamba, sijui kwa nini, labda kumuaga. Mimi nilikuwa nimemshika Agneta mkono na hakuna aliyetukataza.

"Nimejaribu kutafuta mahali ulipojipendelea," Lusweti akasema, "sijapaona." Akashika usukani. "Nanunua, ndugu yangu."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Alipanda, akamwasha Memsabu, akampeleka mwenyewe mpaka kwa Lusweti, akarudi kwa miguu. Nilimwona akija njiani na mikono yake hajui aiweke wapi. Nilimwonea huruma, hasa kwa sababu mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka na yeye ndiye aliyelipa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya baridi. Tulisikia Memsabu akikohoa ng'ambo ya ua, akakata. Akakohoa, akakata. Baba aliweka kikombe chini. Mara Agneta akaja mbio, "Baba anasema Memsabu amekataa." Hakuwa amemaliza na baba alikuwa ameshachukua lile birika jikoni, likiwa bado linatoka mvuke, chai yetu ikawa ndiyo hiyo imekwenda. Aliporudi hakuwa nalo. Alikuwa amemwachia Lusweti, na wote wawili tulikuwa tumewasikia wakicheka hadi kwetu.

Kwa magunia yale baba alinunua maksai wanne na plau, na mvua haikumkuta tena akingoja mtu. Sokoni walikuwepo waliomwambia ameachia trekta kwa upole. Aliwajibu maneno yaleyale kila mara, "Nilikata mimi mwenyewe." Lakini Memsabu akipita barabarani, baba alisimama kwenye mfereji wa shamba na kofia mkononi mpaka moshi uishe. Sikuwahi kumsikia akinung'unika, na nilikaa naye mpaka nikaolewa.

Siku hizi vijana wetu wanauza vitu kwa simu. Anapiga picha ya gari upande usiobonyea, anaandika bei, ukimuuliza ubovu anasema njoo uone, ukifika amezima simu. Mwaka jana mtoto wa Agneta alitaka kumwondoa Memsabu, ambaye Agneta alimrithi kwa Lusweti, uani kwao. Memsabu alikuwa amezama hadi ekseli, kuku anaatamia kwenye kiti. Wanunuzi wa vyuma wakaja na mizani, wakakisia bei ya magunia manne ya mahindi. Agneta akawaambia wangoje, akanitumia mjukuu: njoo ukate, mimi nichague, nikuuzie au nibaki naye.

Nilikwenda. Nilimzunguka Memsabu mara mbili kwa mkongojo wangu, wale vijana wakiangalia saa. Nikasema magunia sita. Yule mtoto wa Agneta, akiniita nyanya kwa lugha yetu, akaniambia, "Kukhu, umezidisha, hiyo ni skrepa." Lakini si yeye aliyekuwa akichagua. Agneta alinitazama kwa macho yaleyale ya kisimani, meno yamebaki machache.

"Nauza," akasema.

Wakamvuta mpaka kwetu, kwenye boma la baba nilikorudi kuishi uzeeni, wakamweka pale pale Memsabu alipokuwa akilala enzi za baba. Asubuhi nilichemsha maji. Agneta alikuwa amemrudisha pamoja na lile birika, limepinda mdomo. Mjukuu wangu akanifuata nje akisema, Kukhu, hiyo haiwezi kuwaka. Nikamwambia najua. Nilimimina maji yote kwenye rejeta, yakatokea chini kwenye matundu na kulowesha viatu vyangu, nikangoja kidogo, nikampiga kofi ubavuni.